Uzito Upi

Mizani ya wodi huishia mia na ishirini.
Tukampeleka ghalani, Moshi mjini, nyuma ya reli,
akapanda jukwaa wanapopimia buni,
na karani, kwa mazoea tu, akauliza:
"Gunia ngapi?"
Aikande akacheka kabla yetu.
"Andika moja. Ila limejaa."
Kilo mia na hamsini na nane.
Nikaandika kiganjani, kwa kalamu ya bluu: 158.

Tangu jana nazunguka na swali:
dawa nimpimie nani?
Huyu aliyekanyaga jukwaa likalia,
au yule wa kwenye jedwali,
mwanamke wa kilo hamsini na nane
ambaye kimo cha Aikande kinamdai,
asiyewahi kuonja mtori,
asiyewahi kuishi popote ila kwenye hesabu?
Nikikosea huku, ataamka kisu kingali ndani.
Nikikosea kule, hataamka.

Kabati lina kufuli mbili:
ufunguo mmoja wangu, wa pili wa Sista Nanyori.
Mofini ni mgeni wa zamani, mwaminifu,
mzito wa kuaga; hukaa hadi vyombo vioshwe.
Fentanili huja mbio, lakini akikuta mafuta
hupanga chumba, na usiku wa manane,
mkishadhani amehama, huibuka sebuleni
akazima pumzi kama mtu azimaye taa.
Na huyu mpya, vichupa vinne tu rafuni,
remifentanili, jina refu kuliko umri wake:
funga bomba, dakika chache, hayupo.
Haachi deni. Haachi hata salamu.
Na ndiyo kasoro yake:
maumivu hukuta mlango wazi.

Mumewe, Ndetaulwa, hajui majina haya.
Nilimwuliza tu, anakoroma?
"Hadi mbwa wa jirani anamjibu.
Halafu ananyamaza.
Mimi nahesabu. Kumi na tano. Ishirini.
Kuna usiku nilifika thelathini na saba,
nikamtikisa bega."
Miaka kumi na tisa anahesabu gizani,
bila mashine, bila mshahara,
na anayeitwa mtaalamu wa usingizi ni mimi.

Nikachagua vichupa vinne.
Tukapanga mablanketi chini ya mabega, matano,
mpaka tundu la sikio likalingana na kifua.
Nyongo ikatoa mawe kumi na moja,
moja kubwa kama punje ya buni.
Nikafunga bomba, nikatazama saa ya ukutani.
Dakika ya tatu, kidole gumba.
Ya tano, macho.
Mrija ulipotoka tu, sauti imekwaruzika:
"Mtori nani kaepua?"

Tulicheka mapema mno.
Ya saba uso ukajikunja kama karatasi ya chumvi,
akanishika mkono ule ule wenye namba.
Basi nikamrudia mgeni wa zamani:
mofini, miligramu mbili. Ngoja.
Mbili tena. Ngoja.
Kama unavyotia chumvi
kwenye chungu cha watu usiowajua.

Utaratibu hauruhusu ndugu chumba cha uangalizi.
Nilimwita Ndetaulwa.
Aliketi kwenye stuli, kofia magotini.
Akaanza kukoroma, sote tukatulia.
Akanyamaza.
Mimi nikatazama kioo cha mashine,
yeye blanketi.
Midomo yake ilikuwa ikicheza.
"Tisa," alisema, akamgusa bega,
na pumzi ikarudi, nzito, yenye hasira,
ndipo mashine nayo ikakumbuka kulia.

Jioni nilinawa.
Sabuni ilianza na ile moja ya mbele,
kiganjani ikabaki hamsini na nane:
mwanamke wa jedwali, mwepesi, asiyeumwa,
asiye na mtu wa kumhesabia.
Nikasugua mpaka naye akaondoka.